Taa Zinapepesa, Fyuzi Inakatika, Kishikio Kinacheza: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu kwenye Boti Ndogo ya Uvuvi

Kusi ikilegea na bahari kutulia, wenye boti ndogo za faiba katika pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Msasani hadi Kunduchi na Mbweni, huanza kuziandaa kwa uvuvi wa kujifurahisha. Taa za LED zinapandishwa juu ya kivuli, yaani paa la boti, vishikio vya fimbo za kuvulia vinatobolewa ubavuni, fishifainda, kifaa cha kuonyesha samaki na chini ya bahari, inafungwa karibu na usukani. Wiki chache baadaye malalamiko yanaanza: taa mpya haina nguvu, fishifainda haioni kitu, ngama, ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ina maji ambayo zamani hayakuwepo. Kinachofuata karibu kila mara ni kununua kifaa kingine.

Nakuomba usikinunue bado. Kwenye boti nyingi ninazofungua, kifaa chenyewe ni kizima. Tatizo liko kwenye waya inayokilisha, kwenye tundu lililotobolewa ili kukifunga, au mahali maji ya chumvi yanapokutana na shaba. Ukibadilisha kifaa bila kugusa hayo, kipya nacho kitafanya vilevile.

Vifaa vya kutafutia ni vichache: mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ndogo, waya ndefu ya majaribio yenye vibanio ncha zote mbili, msasa laini, taa ya kichwani na ndoo ya maji. Fyuzi za akiba za saizi tofauti ziwepo pia. Kama tangi la petroli liko ndani ya boti, fungua vifuniko vyote hewa ipite kabla ya kugusa waya yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kwenye ngama, na cheche moja ya kichwa cha betri inatosha kuuwasha.

Taa zinawaka lakini zimefifia, au zinapepesa

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndilo tatizo linalokuja mara nyingi kuliko yote.

Washa taa kwanza, kisha ndipo upime. Volti inayosomwa taa ikiwa imezimwa haina maana hapa, kwa sababu volti hupotea pale mkondo unapopita kwenye waya. Pima sehemu tatu: kwenye vichwa vya betri, kwenye swichi, halafu pale waya inapoingia kwenye taa yenyewe. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.0 au chini yake, imekaribia kuisha, na kazi yako ni kuichaji. Lakini kama betri inasoma 12.5 huku taa ikipokea 11.2, basi volti 1.3 zimepotelea njiani, na ni njia hiyo ya kuichunguza.

Chukua boti ya mita 6 hivi. Betri iko nyuma karibu na mashine, na juu ya kivuli kuna taa zinazovuta jumla ya ampia 10. Waya inapopita chini ya ubavu na kupanda nguzo hufikisha mita 6 kirahisi. Mkondo ukienda lazima urudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 12. Waya ya shaba ya milimita 1.5 za mraba itapoteza karibu volti 1.4 kwa urefu huo. Ya 2.5 itapoteza kama 0.8, ya 4 nusu volti, na ya 6 takriban 0.35. Kipimo kinachotumika sana katika ujenzi wa boti ni kwamba taa za njia (zile za kuwaonyesha wengine boti yako usiku) na vifaa vya usalama visipoteze zaidi ya asilimia 3, yaani kama volti 0.36. Taa za kuangazia sitaha zinaweza kuvumilia hadi asilimia 10. Sasa linganisha na ile waya ya 1.5 ya taa za nyumbani ambayo mafundi wengi hukimbilia kwa sababu inapatikana kila duka la umeme.

LED zina tabia yao. Nyingi zina kidhibiti ndani, kwa hiyo hazififii taratibu kama balbu ya zamani. Volti ikishuka, kidhibiti huvuta mkondo zaidi ili kushikilia mwanga uleule, mkondo huo huzidisha upotevu kwenye waya, na mwisho taa huanza kupepesa. Ukiona LED inapepesa mashine ikiwa imezimwa, lakini inatulia mashine ikiwaka na kuchaji, fikiria waya nyembamba au betri dhaifu kabla ya kuilaumu taa.

Pima upande wa hasi pia. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye waya ya hasi pale taani, taa ikiwa inawaka. Kwenye waya fupi na nene mita isome karibu na sifuri. Ikizidi hesabu ya urefu wa waya kwa nusu volti au zaidi, kuna kiungo kibovu njiani, mara nyingi ni ile sehemu ambayo waya za hasi zote zimekusanywa chini ya skrubu moja yenye kutu. Mafundi wengi hufuatilia waya nyekundu mpaka mwisho, na hii nyeusi hawaigusi kabisa.

Kisha angalia waya yenyewe. Kata kipande kidogo mwishoni na umenye gamba. Shaba ikiwa nyeusi au kijani hata sentimita kadhaa ndani, chumvi imeshasafiri humo, na kubadilisha kichwa cha waya peke yake hakutasaidia. Waya nzuri kwa bahari ni ya nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Ile ya nyumbani yenye uzi mmoja mnene huchoka kwa mtikisiko na kukatika ndani ya gamba, mahali usipopaona. Madukani kuna pia waya ya alumini iliyopakwa shaba, na hiyo isiingie kwenye boti kabisa. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu utaijua: ya bati ni nyeupe nje na nyekundu ndani, ya alumini ni nyekundu nje na nyeupe ndani.

Ili kuthibitisha, chukua waya yako ya majaribio, nene na yenye fyuzi, uunganishe taa moja kwa moja na betri. Ikiangaza vizuri, taa ni nzima na fedha yako ipeleke kwenye waya.

Taa inazima boti ikigonga mawimbi

Kitu kimelegea. Anza na vichwa vya betri, ambavyo mara nyingi kwenye boti ndogo hufungwa kwa nati za masikio na kulegea zenyewe. Weka nati ya kawaida pamoja na washa ya springi, ukaze kwa spana. Fuata na viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu ya umeme. Jua letu huyeyusha gundi ya selotepu, inafunguka, na maji yanaingia. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo maalumu, juu yake weka mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu. Kikichomoka mkononi kingechomoka baharini.

Waya pia ishikwe kila baada ya nusu mita hivi, kwa vifungio vya plastiki vyeusi. Vyeupe havihimili jua, vinakauka na kukatika.

Fyuzi inakatika

Jambo moja kwanza: usiweke fyuzi kubwa zaidi ili isikatike tena. Fyuzi inailinda waya isiungue. Fyuzi ya ampia 30 kwenye waya ya 1.5 inaacha waya iwe ndiyo itakayokatika, ndani ya faiba, karibu na petroli.

Angalia inakatika lini. Ikikatika papo hapo kila ukiiweka, hata swichi ikiwa imezimwa, chanya inagusa hasi kati ya fyuzi na swichi. Ikikatika pale tu unapowasha, tafuta baada ya swichi: chomoa taa, weka fyuzi mpya, washa. Ikishika, taa imeingia maji. Isiposhika, waya imechubuka, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale inapopita kwenye tundu la nguzo ya alumini au ya chuma bila mpira wa kuikinga. Ikikatika baada ya dakika kadhaa za kuwaka vizuri, jumlisha ampia za vyote vilivyomo kwenye fyuzi hiyo. Wati gawanya kwa 12: taa ya wati 36 ni ampia 3, balbu ya halojeni ya wati 55 ni karibu 4.6. Mzigo wa ampia 5 unatosheka na fyuzi ya 7.5.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha chanya. Kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Usiku taa zinawaka vizuri, alfajiri mashine haistati

Taa na mashine zinakula betri moja. Taa nne za ampia 3 zinavuta ampia 12, na betri ya ampia-saa 70 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una chini ya saa tatu. Usitegemee mashine iliyo kwenye sailensa kuirudisha, kwani mashine ndogo za nje huchaji ampia chache tu, na kwa mzunguko mdogo huchaji hata chini ya hapo. Weka betri ya pili, ile iliyotengenezwa kuvumilia kutumika kwa muda mrefu, ibebe taa na fishifainda, pamoja na swichi ya kuchagua betri. Ya kuwashia mashine ibaki kwa kazi hiyo peke yake. Ukikwama nyuma ya kisiwa cha Mbudya usiku, maji yakipwa na upepo ukigeuka, betri hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani.

Unaona taa zako lakini huoni bahari

Hili halionekani kwenye mita, lakini kwangu ndilo la hatari kuliko fyuzi iliyokatika. Taa kali iliyofungwa juu ya kichwa cha mshika usukani inaangaza reli, omo (sehemu ya mbele ya boti) na kioo cha mbele, na mwanga wote huo unarudi machoni. Jicho linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza tena baada ya kuangaziwa. Isogeze taa mbele ya kioo au nyuma yake kabisa, iinamishe, na weka kipande cha bati chini yake kuzuia mwanga usiangukie omo. Karibu na usukani tosheka na taa ndogo nyekundu yenye swichi yake.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini za mwaka 1972 zinakataza taa yoyote inayoweza kudhaniwa ni taa ya njia, inayoficha taa za njia au inayomzuia nahodha kuona. Kwa hiyo taa za kuvulia zizimwe boti inapotembea. Boti ya mashine isiyofika mita 12 inatakiwa ionyeshe nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote, na hiyo nyeupe iwe juu ya zile za rangi kwa angalau mita moja. Mara nyingi naikuta nyeupe hii imefungwa chini ya kivuli, au imezibwa na fimbo zilizosimamishwa juu yake. Kwa anayekuja kutoka upande huo, wewe haupo. Panda kwenye boti nyingine usiku, mzunguke mtu akiwa ameshika usukani wa yako, utaona mwenyewe wapi taa inapotea.

Kama umebadilisha balbu za zamani ukaweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu au cha kijani, angalia rangi inayotoka. Nyekundu inaweza kugeuka waridi na kijani ikaelekea buluu. Nunua taa iliyotengenezwa nzima kwa LED ya rangi husika.

Na kwa wanaouliza kuhusu kuwasha taa nyekundu juu ya nyeupe: hiyo ni ya chombo kinachovua kwa zana zinazokizuia kugeuka. Kurambaza mishipi hakukupi haki hiyo. Utaendelea kuwa boti ya kawaida inayopaswa kumpisha mwenye nyavu, na wavuvi wa dagaa na taa zao wako wengi nje huko siku za giza.

Redio inanguruma taa zikiwashwa

Vidhibiti vya LED za bei nafuu hutoa mawimbi yanayoingia kwenye VHF, redio ya mawasiliano ya boti. Fungua redio kwenye chaneli 16, shusha kizuia kelele mpaka kelele isikike, kipandishe hadi pale inapokata tu, kisha washa taa moja baada ya nyingine. Itakayofanya kelele irudi ndiyo yenye kosa. Isogeze mbali na antena angalau mita moja, tenganisha waya zake na waya ya antena, sokota pamoja chanya na hasi, na funga pete za feraiti, zile za kuzuia mawimbi ya kelele kwenye waya, karibu na taa. Ikishindikana, ibadilishe. Kelele hiyo inaweza kumeza sauti ya mtu anayeomba msaada, au yako wewe kumfikia anayesikiliza.

Fishifainda

Inaonyesha chini vizuri ukiwa polepole, kisha inapotea ukiongeza mwendo. Hapa kihisi, kile kipande cha fishifainda kinachokaa majini, kinapita kwenye mapovu. Kifungwe nyuma mahali maji yanapotoka laini chini ya boti, mbali na mikanda ya faiba na matundu yanayotengeneza povu, na sentimita 40 hivi kutoka propela. Kwa propela ya kawaida inayozunguka kulia, upande wa kulia ndio bora, kwa sababu panga zinashuka upande huo. Uso wake ushuke kidogo tu chini ya faiba na ulale sawa na maji. Badala ya kutoboa faiba kila unapojaribu, gundisha kwanza bamba la plastiki nene na uskrubu kihisi humo. Ukikosea, unatoboa bamba.

Inajizima unapostati mashine: volti inaporomoka stata ikizunguka. Ihamishie betri ya pili.

Ina mistari iliyojaa kioo chote: zima vitu vyote, kisha washa kimoja kimoja kama ulivyofanya kwa redio. Kelele ikipanda na mzunguko wa mashine, waya ya kihisi imelala pamoja na waya za mashine. Zitenganishe, na usiikate wala kuiunga waya ya kihisi. Iliyobaki ndefu ikunje na kuifunga pembeni.

Inaona chini kwenye mlango wa bahari wa Zanzibar lakini haioni ukienda kisiwa cha Latham, kwenye kina kirefu: hiyo si hitilafu. Mawimbi ya kilohezi 200 yana picha nzuri kwenye maji mafupi na huishiwa nguvu kwenye kina kirefu. Badili kwenda 50 kama kihisi chako kinaiweza.

Ilikuwa inaona, siku hizi hafifu: inua mashine, angalia uso wa kihisi. Magamba ya baharini huota upesi kwenye boti inayolala majini. Yaondoe kwa kipande cha plastiki, usitumie kisu.

Kishikio cha fimbo kinacheza, na ngama ina maji

Nimeviweka pamoja kwa sababu tundu ni lilelile. Kishikio kilichofungwa kwa skrubu fupi kwenye faiba tupu kitashika fimbo ikiwa imetulia. Siku sulisuli au nguru mkubwa akichukua chambo na boti bado inatembea, faiba inapasuka pembezoni mwa skrubu, na ufa huo ndio mlango wa maji.

Zitoe skrubu, weka bolti za kupita, na chini yake bamba la alumini au plastiki nene lililo pana kuliko kishikio, ili nguvu isambae. Kama mkono haufiki chini, toboa tundu la ukaguzi lenye kifuniko, usikubali kufunga kwa kubahatisha. Bolti ziwe stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 huanza madoa ya kutu mapema kwenye maji ya chumvi. Unapotoboa, anza drili ikizunguka kinyume mpaka ipite rangi ya juu, kisha geuza, na panua kidogo mdomo wa tundu. Hapo rangi haitapasuka, na silanti itapata pa kukaa. Tumia silanti ya poliyurethani ya boti, sio silikoni ya bafuni. Kaza nusu, acha ishike, kisha malizia kukaza. Ukikaza yote mara moja unaikamua yote nje.

Kama kuna mbao ndani ya faiba, piga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka kishikio. Sauti kavu ni nzuri. Sauti nzito na butu ina maana maji yameshaingia kwenye mbao, na hapo ukate palipooza ujaze epoksi kabla ya kufunga chochote.

Ngama ikijaa baada ya mvua ya masika hata boti ikiwa juu ya trela, mimina kikombe cha maji ndani ya kila kishikio, mwenzako aangalie chini kwa taa. Vishikio vingi vina kitako wazi, na maji yanashuka moja kwa moja ndani. Weka vyenye kitako kilichofungwa na bomba la kutoa maji nje, au vifunike na mpira boti ikilala.

Unga mweupe kwenye nguzo, zinki inaisha haraka

Unga mweupe pale bolti ya stenlesi inapogusa alumini ni alumini inayoliwa, kwa sababu metali mbili tofauti zimekutana kwenye chumvi. Toa bolti, safisha, weka washa za nailoni na mkono wa plastiki ndani ya tundu, paka grisi ya kuzuia kutu.

Zinki ya mashine, kile kipande kinachowekwa kiliwe badala ya metali za mashine, ikianza kuisha haraka mara tu baada ya kufunga taa mpya, kuna umeme unaovuja. Chomoa waya ya hasi ya betri, zima swichi zote, weka mita kwenye kipimo cha ampia kati ya waya hiyo na kichwa cha betri. Ikisoma kitu, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo ya kufuatilia. Mara nyingi nakuta ni waya ya chanya iliyochubuka na kulala kwenye maji ya ngama, au taa ya chini ya maji ambayo mpira wake umepasuka. Pampu ya ngama inayojiendesha ina waya yake isiyopitia swichi, kwa hiyo ihesabu peke yake kabla hujaanza kutafuta.